Binti wa Vibarua na Funguo za Jela

Tangu mwaka 2013, neno gavana limekuwa la kawaida midomoni mwa Wakenya, na pamoja nalo neno kaunti. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba kaunti ni 47 na kwamba kila moja ina gavana wake. Kwa sababu hiyo, Mkenya anayesoma habari za siasa za Marekani huenda akajikwaa mapema. Huko gavana hatawali kaunti. Hutawala jimbo zima, na ndani ya jimbo hilo mna kaunti nyingi zilizo chini yake. Jimbo la Texas peke yake lina kaunti 254. Kila kaunti huwachagua maafisa wake yenyewe, na mmoja wao, mwenye bastola kiunoni na funguo mkononi, ni sherifu. (Wanafunzi wa Kiswahili wasilichanganye neno hili na sharifu. Sharifu ni mtu wa nasaba tukufu, ilhali sherifu limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyomaanisha msimamizi wa wilaya. Nasaba haimo.) Kazi kubwa ya sherifu katika kaunti yenye jiji ni kuisimamia jela, ambamo wengi wa wanaofungiwa ni watu wanaongoja kesi zao kusikizwa, yaani watu ambao sisi tungesema wako rumande.

Bi. Lupe Valdez alikuwa sherifu wa Kaunti ya Dallas tangu Januari 2005 hadi Desemba 2017, alipojiuzulu ili awanie tiketi ya chama cha Democratic katika kinyang'anyiro cha ugavana wa Texas. Tiketi aliipata. Ugavana hakuupata. Wanahabari wengi waliisimulia safari yake kwa kuorodhesha mambo ya kwanza: mwanamke wa kwanza wa asili ya Kilatino kupewa tiketi ya ugavana na chama kikubwa katika jimbo hilo, na mtu wa kwanza apendaye watu wa jinsia yake bila kuficha kufika hapo. Orodha hiyo ni ya kweli, walakini imefanya kazi ya pazia. Nyuma yake palitukia jambo zito zaidi. Watu wa asili yake mwenyewe, tena vijana wa umri wa wajukuu zake, walisimama wakamwuliza ni nini alichokifanya na funguo alizokabidhiwa.

Lakini kwanza yafaa kueleza mchujo wenyewe, kwa kuwa mchujo wa Texas una historia isiyofanana na ya kwingineko. Leo hii mpigakura wa Texas hajiandikishi kuwa mwanachama wa chama chochote. Siku ya mchujo, mwezi Machi, huenda kituoni akachagua karatasi ya chama anachotaka. Mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura, wawili wa kwanza hukutana tena katika duru ya pili mwezi Mei. Utaratibu huu unaonekana mwepesi. Haukuwa hivyo zamani. Kati ya mwaka 1874 na 1979 Texas haikupata gavana yeyote asiyetoka chama cha Democratic. Kwa hiyo uchaguzi wa Novemba ulikuwa kama arusi ya watu waliokwisha kufunga ndoa. Mambo yote yalikuwa yameamuliwa mchujoni. Wakenya waliopanga foleni za mlolongo mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa zaidi. Wakati huo mgombea wa KANU aliyepata asilimia 70 katika foleni alihesabiwa kuwa ameshapita bila kupingwa, na siku ya kura za siri haikuwa na maana kwake.

Watawala wa Texas waliufahamu ukweli huo, na mwaka 1923 wakatunga sheria iliyowakataza watu weusi kupiga kura katika mchujo wa chama cha Democratic. Mwaka uliofuata, daktari mmoja mweusi wa mji wa El Paso, Lawrence Nixon, alikwenda kupiga kura akarudishwa. Akaenda mahakamani. Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi mwaka 1927; jimbo likabadili maneno ya sheria; akarudi tena mahakamani, akashinda tena mwaka 1932; chama nacho kikapata ujanja mwingine. Mlango ulifunguliwa kwa dhati mwaka 1944 katika kesi ya Smith dhidi ya Allwright, na ni mwaka huo ndipo Dkt. Nixon alipopiga kura yake mchujoni, miaka 20 baada ya kurudishwa. Miongoni mwa mawakili walioshinda kesi hiyo alikuwamo Thurgood Marshall. Jina hili si geni katika historia yetu. Ndiye aliyekuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House mwaka 1960, akaandika mapendekezo juu ya haki za raia. Mtu aliyeufungua mchujo wa Texas ndiye aliyekuja kuwashauri akina Mboya.

Wamarekani wa asili ya Kimeksiko walikuwa na kizingiti chao pia. Tangu mwaka 1902 Texas ilitoza kodi kwa kila aliyetaka kupiga kura, na kodi hiyo haikuondolewa kabisa hadi mwaka 1966. Mtu anayeishi kwa kuchuma mazao ya wengine hana pesa za kununulia kura. Ni katika jimbo hilo, katika mji wa San Antonio, ambapo Lupe Valdez alizaliwa mwaka 1947, kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani waliohamahama wakifuata misimu ya mavuno. Kodi ya kura ilipoondolewa, binti huyu alikuwa na miaka 19 hivi.

Alisoma kwa kujitegemea, akapata shahada ya kwanza katika chuo cha dini huko Oklahoma na baadaye shahada ya uzamili ya masuala ya uhalifu katika Chuo Kikuu cha Texas, Arlington. Kazi yake ya awali ilikuwa ya askari jela. Akawa afisa katika jeshi la akiba, kisha mpelelezi wa serikali kuu, hasa katika idara ya forodha, ambayo baada ya mashambulizi ya mwaka 2001 iliingizwa katika wizara mpya ya usalama wa ndani. Ni vyema msomaji alizingatie jambo hili. Kabla ya kuwa mwanasiasa, na kabla ya wapiga kampeni kumgeuza ishara ya wahamiaji, Bi. Valdez alikuwa mtu wa sare. Maisha yake yote ya utu uzima yalipita upande wa dola. Hakuna ubaya katika hilo. Mtoto wa kibarua anayetaka mshahara wa uhakika na heshima ya watu atakwenda wapi kama si kwenye sare? Hata kwetu, ni wazazi wangapi maskini waliouza ng'ombe wao wa mwisho ili kijana aingie jeshini au polisi?

Mwaka 2004 aliwania usherifu wa Dallas wakati ambapo kaunti hiyo ilikuwa bado mikononi mwa Republican. Wachache walimpa nafasi. Alishinda kwa asilimia 51 hivi, na akachaguliwa tena mara tatu. Aliyoyarithi hayakuwa ya kujivunia. Jela ya Dallas, mojawapo ya jela kubwa nchini Marekani, ilikuwa imeshindwa katika ukaguzi wa jimbo hata kabla yake, na chini yake ikaendelea kushindwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2006 Wizara ya Haki ya serikali kuu ilitoa ripoti iliyosema kwamba hali ya matibabu na usafi humo ilivunja haki za kikatiba za waliofungwa. Ilipofika mwaka 2010 ndipo jela ikapita ukaguzi. Wafuasi wake humsifu kwa mwaka huo wa 2010. Wapinzani wake huhesabu miaka iliyotangulia. Wote wawili wana haki, maana pesa za kukarabati jela hutolewa na baraza la kaunti wala si sherifu, lakini anayelala sakafuni bila dawa hana haja ya kujua bajeti ilikwama ofisi gani.

Jambo lililomwandama hadi mchujoni, hata hivyo, halikuwa dawa. Lilikuwa karatasi. Mtu anapotiwa jela ya kaunti, alama za vidole vyake hufika kwa maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu. Maafisa hao wakishuku kuwa hana hati halali za kuishi nchini, huiandikia jela ombi la kumshikilia hadi saa 48 zaidi ya wakati ambao angeachiliwa, ili wapate kuja kumchukua. Mtu huenda alikamatwa kwa sababu ya taa ya gari iliyozimika. Anatoka selini akiwa amekwisha kupewa dhamana, lakini mlango haufunguki, na safari yake inaishia ng'ambo ya mpaka, mbali na watoto aliowaacha wakimsubiri na chakula cha jioni. Anayekataa au anayekubali ombi lile ni sherifu. Ndiyo maana ya kushika funguo.

Mwezi wa Oktoba 2015 Bi. Valdez alijikuta kati ya nyundo na fuawe. Alikuwa ametangaza kwamba wale waliokamatwa kwa makosa madogo madogo, maombi juu yao yangetazamwa moja moja badala ya kukubaliwa yote. Gavana wa Texas, Bw. Greg Abbott wa Republican, akamwandikia barua kali akiuita mwenendo huo hatari kwa raia. Mwezi uo huo kundi la watu waliowahi kufungwa katika jela ile ile liliishtaki kaunti ya Dallas, likidai kuwa lilizuiliwa kinyume cha katiba kwa sababu ya maombi ya maafisa wa uhamiaji, na kwamba walio na uwezo wa kulipa dhamana hawakuachiliwa. Gavana alimwona mlegevu. Waliofungwa walimwona katili. Funguo zilikuwa ni zile zile.

Miezi kumi na minane baadaye, Mei 2017, Abbott alitia sahihi sheria iliyowalazimisha masherifu wote wa Texas kuyatii maombi hayo, na kuwawekea adhabu ya kupoteza cheo na hata kushtakiwa wakikaidi. Tangu hapo hiari ya sherifu ikawa imekufa. Yamkini huo ndio msumari uliomtoa ofisini. Mnamo Desemba mwaka huo, siku chache kabla ya muda wa kujiandikisha kwisha, alitangaza kwamba atamkabili gavana huyo huyo.

Wagombea wa Democratic walikuwa tisa. Wa pekee aliyemtishia alikuwa Bw. Andrew White wa Houston, mfanyabiashara, mwana wa Mark White aliyekuwa gavana kati ya 1983 na 1987 na ambaye alifariki Agosti 2017. Hapa historia ilijirudia kwa namna ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuitumia, asije akaambiwa kuwa sadfa zake zimezidi. Mwaka 1990, katika mchujo wa chama hicho hicho, Mark White alikuwa akitaka kurudi madarakani, akashindwa na mwanamke aliyeanzia siasa zake katika kaunti. Mwanamke huyo ni Ann Richards, aliyechaguliwa mwaka 1976 kuwa mmoja wa makamishna wa Kaunti ya Travis, baadaye akawa mweka hazina wa jimbo. Richards alishinda duru ya pili ya mchujo, akashinda Novemba, na akawa Mdemocrat wa mwisho kuchaguliwa gavana wa Texas. Chama chake hakijashinda kiti chochote cha jimbo zima tangu mwaka 1994.

Tofauti ni kwamba Richards alipokuwa kamishna wa kaunti alijenga barabara. Barabara haimwulizi mtu hati zake.

Machi 6, 2018, Bi. Valdez alipata asilimia 43 hivi ya kura na Bw. White 27. Palihitajika duru ya pili. Kati ya duru hizo mbili, mwezi wa Aprili, shirika la vijana wa Kilatino liitwalo Jolt liliwaalika wagombea wote wawili mjini Austin kujibu maswali. Mtu angetazamia kuwa ukumbi ule ungekuwa nyumbani kwa Bi. Valdez. Yeye ni wao kwa damu, kwa jina, kwa lugha, kwa jasho la wazazi wake. White alikuwa tajiri Mzungu aliyekuwa na hisa katika kampuni ya vifaa vya kugundua watu waliojificha ndani ya magari, vifaa vinavyotumika hata mipakani. Lakini msichana mmoja alisimama akamwuliza sherifu wa zamani kuhusu ushirikiano wa jela yake na maafisa wa uhamiaji, na jibu alilopewa halikuuridhisha ukumbi. Baada ya hapo Jolt ikatangaza kumwunga mkono White.

Wengine waliwalaumu vijana wale kwa kumsaliti wao. Lawama hiyo haina msingi. Aliye wako ndiye unayemjua vya kutosha kumwuliza swali gumu, na ndiye ambaye jibu lake lina maana kwako. Vijana wale walikulia katika nyumba ambazo baba akichelewa kurudi kazini hakuna anayethubutu kusema kinachofikiriwa na wote. Kwao, sherifu si mhusika wa sinema za magharibi mwenye kofia pana. Ni mtu ambaye sahihi yake inaweza kuamua kama baba atarudi. Kumwambia kijana kama huyo kwamba mgombea naye ni mtoto wa wahamiaji hakumwambii lolote juu ya sahihi ile. Katika uhakiki wa fasihi tunafundishwa kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Kampeni ilimtaka Bi. Valdez awe bapa: binti wa vibarua, basi. Vijana walimtaka awe duara, mwenye mashaka na gharama zake, aseme wazi: nilizuilia watu, sababu ni hizi, na hivi ndivyo ningefanya leo. Huenda laiti angalisema hivyo wangalimwelewa. Mtu aliyewahi kukaa na sherehe ya sare kwa miaka mingi hajazoea kuulizwa na walio chini ya sare.

Ni haki pia kumtetea. Sherifu aliyekataa kila ombi angalikabidhi kaunti kwa mtu mwingine baada ya uchaguzi mmoja, na huyo mwingine pengine asingaliyatazama moja moja. Bi. Valdez alikaa ndani, akapunguza alichoweza kupunguza, akaandikiwa barua na gavana kwa hicho kidogo. Kuna watu wengi wa namna hii katika kila serikali ulimwenguni, na historia huwatendea vibaya, kwa kuwa mabaya waliyoyazuia hayana kumbukumbu ilhali waliyoyatekeleza yana majalada. Lakini utetezi huu ulipasa kutolewa na yeye mwenyewe, mbele ya ukumbi ule, wala si na wengine baada yake.

Magazeti makubwa kadhaa ya jimbo nayo yalimpendelea White, yakisema kuwa Bi. Valdez hakuyamudu masuala ya sera, kama vile jinsi shule zinavyogharimiwa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Usherifu humfundisha mtu mambo machache kwa kina. Ugavana hudai mengi. Hata hivyo, Mei 22 alishinda kwa asilimia 53 hivi. Waliopiga kura siku hiyo walizidi laki nne kidogo tu, ilhali Machi walikuwa zaidi ya milioni moja. Tiketi ya jimbo lenye watu karibu milioni 29 iliamuliwa na idadi ambayo ingeenea katika kaunti moja au mbili za Kenya.

Kampeni ya Novemba haina mengi ya kusimuliwa. Abbott alikuwa ameuanza mwaka na zaidi ya dola milioni 40 katika hazina yake, na mpinzani wake hakukaribia hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Walikutana katika mdahalo mmoja tu, tena Ijumaa usiku mwezi wa Septemba, wakati ambapo nusu ya Texas iko viwanjani ikitazama kandanda ya shule za upili. Abbott alipata karibu asilimia 56. Katika kura hizo hizo, Beto O'Rourke, mgombea wa useneti wa chama chake Bi. Valdez, alishindwa kwa chini ya asilimia tatu, jambo linaloonyesha kwamba wako maelfu kwa maelfu waliompigia O'Rourke kisha wakashusha macho kwa jina la Valdez wakapita.

Kule Dallas, ofisi aliyoiacha ilikuwa imekabidhiwa naibu wake, Bi. Marian Brown. Mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 76, Bi. Valdez alirudi mchujoni kuitafuta tena kazi ile ile ya sherifu, dhidi ya mwanamke aliyewahi kumwamuru. Brown alimshinda, akabaki na funguo.